Rubani wa Kanda ya Ziwa anatunzaje makali ya kuruka kwa vyombo?

#1 Mlinda Upeo

Wadau wa anga, salaam kwenu.

Uzi huu nauelekeza kwa marubani wenzangu wa Kanda ya Ziwa, hasa wanaorusha ndege ndogo kati ya Mwanza, Bukoba, Geita, Musoma na viwanja vya vumbi vya Serengeti, ambao leseni zao zinawaruhusu kuruka kwa vyombo, yaani kuirusha ndege kwa kusoma vipimo vilivyo mbele yao bila kutazama nje, lakini kazi yao ya kila siku hufanyika mchana, ardhi ikionekana vizuri. Ninachotaka kusema ni kwamba wingi wa saa za kuruka hautunzi ustadi wa vyombo, na kwamba mawingu ya ziwa letu si ya kujifunzia, kwa hiyo rubani asiyejipangia mazoezi ataupoteza ustadi huo hata kama yuko hewani kila siku iendayo kwa Mungu.

Kanuni za nchi mbalimbali zinalitambua jambo hili, kila moja kwa namna yake. Marekani inamtaka rubani awe amefanya, ndani ya miezi 6 iliyopita, aprochi 6 za vyombo, yaani zile njia zilizochorwa za kukaribia na kushuka uwanjani, pamoja na kuzunguka katika eneo la kusubiri na kunasa na kufuata njia za redio au setilaiti. Akipitisha miezi 6 mingine bila kutimiza hayo, haruhusiwi kurudi mawinguni mpaka apimwe upya. Ulaya, ruhusa ya vyombo hudumu mwaka 1 na huhuishwa kwa kupimwa. Kwetu mwenye neno ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, na kila mwenye leseni anapaswa kuzisoma kanuni zake mwenyewe badala ya kuzisikia kwa wenzake. Lakini kutimiza kanuni ni jambo moja na kuwa tayari ni jambo jingine. Kwa kanuni ile ya Marekani, aprochi 6 zilizofanywa mwezi Januari, zote otopailoti, ule mtambo unaoirusha ndege wenyewe, ikishika usukani, zinatosha kwenye karatasi hadi Julai, ilhali hazimsaidii kitu rubani aliyefungiwa na mvua ya masika jioni moja ya Aprili.

Kinachopotea kwanza si maarifa. Rubani aliyekaa miezi mingi bila kuingia wingu bado anakumbuka maana ya kila mstari wa chati na bado anajibu maswali ya mtahini bila kubabaika. Kinachopotea ni mwendo wa jicho. Kwa rubani aliye sawasawa, jicho hutoka kwenye upeo bandia, chombo kinachoonyesha ndege imelala au imeinuka kiasi gani, likaenda kwenye altimita, yaani kipimo cha mwinuko, likarudi kwenye upeo, likaenda kwenye dira ya jairo, ile inayoendeshwa na gurudumu linalozunguka, likarudi, likagusa kipimo cha mwendo, likarudi tena, bila yeye kuliamuru. Aliyekaa muda mrefu hulifungia jicho mahali pamoja. Anaona altimita imepanda futi 100, anaikazia macho mpaka irudi, na wakati huo ndege imeshageuka nyuzi 15 nje ya uelekeo. Anashtukia uelekeo na kuurekebisha, kumbe mwendo nao umeshashuka. Wakufunzi wanayataja makosa ya jicho kuwa matatu: kukikazia chombo kimoja, kukisahau kingine kabisa, na kukitegemea kimoja kupita kiasi. Yote matatu hurudi kimyakimya, na mwenye nayo huwa wa mwisho kuyaona, kwa sababu katika hali nzuri ya hewa dirisha humsahihishia kila kosa kabla halijakua.

Dirisha likizibwa, sikio la ndani hushika hatamu. Mirija mitatu iliyomo humo hupima mzunguko kwa majimaji, na majimaji hayo hayahisi kugeuka kunakoanza polepole, chini ya nyuzi 2 hivi kwa sekunde. Hata kugeuka kulikohisiwa husahaulika: kugeuka kukiendelea kwa kasi ileile kwa sekunde 20 hivi, majimaji hufikia mwendo wa mirija na rubani huamini ndege imenyooka. Akiinyoosha kweli, huhisi imeinamia upande wa pili, naye huirudisha kulekule ilikotoka. Pua hushuka, mwendo hupanda, anavuta usukani, na kuvuta huko kunaukaza mzunguko badala ya kuinyanyua ndege. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwaingiza marubani 20 wasio na mafunzo ya vyombo katika hali ya kutoona nje: wote 20 walishindwa kuidhibiti ndege, kwa wastani wa sekunde 178. Rubani mwenye ruhusa ya vyombo ambaye jicho lake limelala hayuko mbali na hao kama anavyofikiri.

Sasa tuje kwetu. Wanaojua uvuvi wa dagaa wanajua kwamba kazi hiyo hufanywa siku za giza, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti dagaa. Kwa rubani anayeruka Mwanza usiku kuelekea ziwani, maana yake ni kwamba usiku wenye giza kuliko yote ndio usiku ambao ziwa lina taa nyingi kuliko siku zote, zimetapakaa mbali juu ya maji, na juu yake zimetanda nyota. Taa za mitumbwi na nyota huungana zikawa kitu kimoja, safu ya taa iliyokaa mshazari hujifanya upeo, na mtu huilaza ndege ili ilingane nayo. Wakati huohuo ndege inaongeza kasi, mwili unasukumwa nyuma kwenye kiti, na sikio linadai kuwa pua imenyanyuka mno. Mkono unataka kuisukuma pua chini, na chini ni maji. Mchana nao una mtego wake. Asubuhi tulivu ya mwezi wa saba au wa nane, moshi wa nyasi zinazochomwa ukitanda, maji na anga huwa rangi moja, na mtu anayekatiza ziwa kuelekea Bukoba hujikuta anaruka kwa vyombo ingawa hakuna wingu hata moja.

Ajali ambayo kila rubani wa Afrika Mashariki anapaswa kuijua kwa undani ni ya ndege ya Kenya Airways, safari KQ 507, iliyoanguka Douala, Cameroon, usiku wa tarehe 5 Mei 2007 muda mfupi baada ya kuruka, watu wote 114 wakafariki. Ilikuwa Boeing 737-800 isiyotimiza hata mwaka. Uchunguzi ulieleza kwamba ndege iliinama kulia taratibu, katika giza lisilo na kitu cha kutazama nje, na kwamba katika muda huo vyombo havikuwa vikipitiwa. Rubani alidhani otopailoti imeshika kazi, kumbe haikushika. Hapa kwetu sote tunaikumbuka tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria aina ya ATR 42 ilipoingia ziwani ikielekea kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa na watu 19 wakapoteza maisha. Sijadili chanzo chake. Naitaja kwa sababu baada ya siku ile hakuna rubani wa ziwa hili anayeweza kusema kwamba mambo haya ni ya vitabuni au ya nchi za watu.

Katika nchi za baridi, rubani anayetaka kujinoa hungoja siku ya wingu tulivu lisilo na radi, akaingia na mkufunzi wake, akatoka akiwa ameiva. Sisi tukisema tungoje mawingu, tunangoja kitu cha hatari. Usiku hewa ya nchi kavu iliyopoa huteremka kuelekea ziwani kutoka pande zote, hukutana juu ya maji yenye joto na kupanda, na ndiyo maana mvua za radi za ziwa hili hukomaa usiku na alfajiri, kisha upepo wa mashariki huzisukuma upande wa Kagera. Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, mara mbili hivi ya Mwanza. Mchana mambo hugeuka: upepo wa ziwa huingia nchi kavu, na mawingu makubwa huota upande wa Geita, Shinyanga na Mara. Wingu la namna hiyo lina mtikisiko unaoweza kuvunja ndege, na hakuna zoezi linalohalalisha kuliingia. Kwa hiyo mazoezi yetu hayana budi kufanyika katika anga safi, macho yakiwa yamezibwa yasione nje, na mwenzako mwenye sifa akitazama nje kwa niaba yako. Hayaji yenyewe, ni lazima mtu ayapange na ayalipie.

Nataka kusikia wenzangu mnafanyaje.

#2 Kasa wa Nansio

Mlinda Upeo, nimekusoma kwa makini, na suala la taa za dagaa umelieleza kama mtu aliyelipitia. Lakini nina mashaka mawili, naomba uniruhusu niyaseme.

La kwanza, ndege ninayoirusha, Cessna Caravan, ina paneli ya kioo, yaani vipimo vyake viko kwenye skrini, na otopailoti nzuri. Nikizingirwa ghafla, ninachopaswa kufanya ni kuiwasha otopailoti, kugeuka nyuzi 180 na kurudi nilikotoka. Kushika ndege kwa mkono wakati huo ni kujiongezea mzigo. Sioni kwa nini nitumie muda wangu kujizoeza jambo ambalo sitakiwi kulifanya. La pili ni fedha. Mafuta yana bei, na sijawahi kumwona mwajiri anayekukabidhi ndege asubuhi na kukuambia ukajinoe. Ushauri mzuri usiotekelezeka haumsaidii mtu.

#3 Mwanafunzi wa Anga

Shikamooni wakubwa. Mimi bado nasoma, na ruhusa ya vyombo natarajia kuianza baada ya leseni ya urubani wa biashara. Naomba kuuliza: hizi programu za kompyuta za nyumbani, kama X-Plane na Microsoft Flight Simulator, zina msaada wowote wa kweli, au ni mchezo tu? Nina usukani na kanyagio nilizonunua kwa mtu.

#4 Mlinda Upeo

Marahaba, Mwanafunzi. Nitarudi kwako baada ya kumjibu Kasa.

Kasa, mashaka yako ni ya mtu mzima kazini, na kuhusu otopailoti tunakubaliana kwa sehemu kubwa. Ukizingirwa, iwashe. Lakini otopailoti ya ndege zetu inaweza kujiondoa yenyewe mtikisiko ukizidi au ndege ikitoka nje ya mipaka yake, na mtikisiko huzidi mahali palepale unapoihitaji kuliko popote. Inapojiondoa inakukabidhi ndege jinsi ilivyo: imelala, pua iko chini au juu, na wewe hujagusa usukani kwa vyombo tangu mwaka jana. Kisha kuna la Douala, ambalo ni zito zaidi: otopailoti inayodhaniwa kuwa imewaka. Anayejua kwamba imewaka ni yule tu ambaye jicho lake bado linazunguka, linasoma maandishi ya hali yake juu ya paneli na kuyalinganisha na kile ndege inachofanya. Kwa hiyo hata matumizi salama ya otopailoti yanadai jicho lilelile tunalolizungumzia.

Kumbuka pia helikopta iliyoanguka Calabasas, California, tarehe 26 Januari 2020, ikamuua Kobe Bryant na wenzake, watu 9 kwa jumla. Rubani wake alikuwa na ruhusa ya vyombo na saa nyingi za kuruka. Wachunguzi wa Marekani, NTSB, walihitimisha kwamba aliendelea na safari ya kutazama ardhi mpaka akaingia mawinguni na kupoteza mwelekeo wa mwili wake. Helikopta ilikuwa inalala kushoto na kushuka huku yeye akimwambia mwongoza ndege kwamba anapanda. Sisemi hili kumlaumu marehemu. Nasema kwamba karatasi ya ruhusa ilikuwepo na haikutosha.

Kuhusu fedha, kuna saa za kuruka ambazo tayari zimelipiwa na tunazitupa. Nazungumzia safari za kurudi tupu. Ndege imepeleka watalii Seronera au Kogatende, huko Serengeti, asubuhi na inarudi Mwanza bila abiria, marubani wawili mbele, anga ni safi. Kama mwajiri ameridhia kwa maandishi na yule wa kulia ana sifa za kubeba jukumu la kutazama nje, yule wa kushoto anaweza kuvaa ile miwani ya mazoezi inayoziba nje na kumwachia paneli tu, akairusha ndege kwa mkono hadi Mwanza na kumaliza kwa aprochi kamili. Mafuta hayaongezeki ila kidogo. Kampuni inayopewa hoja hii vizuri, pamoja na karatasi inayoonyesha nani atafanya nini na zoezi litasitishwa kwa neno gani, haina sababu kubwa ya kuikataa.

Na wewe Mwanafunzi, kompyuta yako ina msaada wa kweli, ila ujue inasaidia wapi. Haiwezi kulidanganya sikio lako, kwa hiyo haikufundishi kupambana na mwili. Pia saa zake hazihesabiki kwenye leseni, kwa sababu kifaa kisichoidhinishwa na mamlaka hakitambuliwi. Lakini mpangilio wa kazi, yaani lini unaweka masafa, lini unasoma chati, lini unapunguza nguvu, lini unaanza kuhesabu dakika, huo unaweza kuujenga mezani kwako mpaka ukawa wa mwili. Weka uwanja wa Mwanza, weka wingu la chini, weka upepo wa ubavuni, na usiguse kitufe cha kusimamisha muda. Ukiharibu, endelea na upambane na uharibifu wako mpaka mwisho, kwa sababu hewani hakuna kusimamisha. Mara moja kila wiki mbili inatosha kumweka mtu vizuri, akifanya kwa utulivu kama kazi.

#5 Mnarani Mstaafu

Vijana, niliongoza ndege kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, naomba niongeze upande wa ardhini.

Mwongoza ndege haoni kilichomo ndani ya chumba chenu, lakini sauti husema mengi. Rubani anayeanza kuzidiwa huchelewa kujibu, kisha hurudia maelekezo nusu, kisha huuliza tena jambo aliloambiwa dakika moja iliyopita. Ukijisikia umefika hapo, sema mapema, kwa maneno ya wazi, kwamba unahitaji muda, au unahitaji uelekeo, au huoni kitu. Hakuna mwongoza ndege atakayekukasirikia. Nilichokuwa nikikiogopa ni ukimya, kwa sababu rubani aliyenyamaza sikuweza kumsaidia kwa lolote.

Jingine ni hili la mazoezi. Wengi wenu mnaona haya kuomba aprochi ya mazoezi, mnadhani mnausumbua mnara. Pigeni simu kabla ya kwenda, elezeni mtafanya nini na mara ngapi, ulizeni saa ambazo hakuna ndege kubwa za ratiba. Kwa mwongoza ndege nayo ni mazoezi, maana ustadi wake pia hulala usipotumika. Na ombeni kabisa mwisho wa aprochi uwe ni kughairi kutua na kupaa tena kwa njia iliyochorwa. Katika miaka yangu, walioomba aprochi ya mazoezi walikuwa wachache, na katika hao walioomba kughairi kutua walikuwa wachache zaidi, ingawa hapo ndipo nilipowasikia watu wakichanganyikiwa.

#6 Mlinda Upeo

Mzee wangu, hili la kughairi kutua nalitilia mkazo kwa sababu umeligusa jambo ambalo sikulipa nafasi mwanzoni.

Kughairi kutua ndiyo dakika yenye kazi nyingi kuliko zote katika safari ya vyombo. Rubani ameshuka kwa utulivu, nguvu ndogo, pua chini kidogo, akili imeshatua. Ghafla hakuna uwanja mbele yake. Anasukuma nguvu zote, pua inataka kupanda na kuvutwa upande, anakunja mabawa madogo kwa hatua, anageuka kuelekea kituo cha kusubiri, anaongea redioni, na yote haya anayafanya wakati sikio linamwambia kwamba pua imepanda kuliko ilivyopanda kweli. Mtu asiyelizoea hujikuta anaongea kabla ya kurusha. Mpangilio ni uleule tuliofundishwa sote: kwanza ndege ishikwe, kisha ielekezwe, na redio ndiyo ya mwisho. Katika mazoezi ya vyombo, mimi ningependa nusu ya aprochi zote ziishie hapo, na mwenzako wa kulia asikwambie mapema kama uwanja "umeonekana" au la.

#7 Fundi Mirongo

Mimi si rubani, ni fundi wa ndege, lakini naona hamjagusa jambo la vyombo vyenyewe kufa.

Wote mnayafahamu makundi ya wadudu wa ziwani yanayopanda juu ya maji mpaka yakaonekana kama moshi. Wadudu hao, pamoja na nyigu wanaojenga kwa udongo, wanaweza kuziba matundu, na tundu la bomba linalopima mwendo wa ndege ni mojawapo. Tarehe 6 Februari 1996 Boeing 757 ya kampuni ya Birgenair iliruka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, kipimo cha mwendo cha upande wa kapteni kikiwa kinadanganya. Watu wote 189 walifariki, na wachunguzi walilishuku bomba lililozibwa, pengine na kiota cha nyigu. Ndege hiyo ilikuwa imekaa chini kwa siku kadhaa, na mabomba yake yaliachwa bila vifuniko. Kwa hiyo kifuniko chekundu kisiachwe kwa sababu "tunalala usiku mmoja tu".

Kwenye ndege za zamani kuna pampu ya hewa inayozungusha jairo za upeo na dira. Pampu ile ikifa, jairo haisimami papo hapo. Hupungua kasi na kuanza kuinama polepole, na rubani anayeifuata huinama nayo. Ningeomba katika mazoezi yenu mtu awe anaviziba vyombo hivyo kwa vibandiko, bila kutoa taarifa, ili mjue kurusha kwa vilivyobaki.

#8 Binti Sengerema

Nashukuru sana kwa uzi huu. Nina ruhusa ya vyombo niliyoipata nje ya nchi, karibu na usawa wa bahari, na tangu nirudi nimekuwa nikifanya mazoezi na mkufunzi hapa Mwanza. Kuna jambo linanisumbua. Kadi yangu ya namba, ile inayosema nguvu kiasi gani na pua kiasi gani kwa kila hatua, nilikotoka ilikuwa haikosei, ila hapa nashuka nikijikuta juu ya njia ya kushukia karibu kila mara. Mkufunzi ananiambia nizoee. Nizoee nini hasa?

#9 Mlinda Upeo

Dada, swali lako ni zuri, na jibu lake si kuzoea. Ni hesabu, na kadi yako inahitaji kuandikwa upya.

Uwanja wa Mwanza uko takriban futi 3,760 juu ya usawa wa bahari, kwa sababu ziwa lenyewe liko juu. Kipimo chako cha mwendo kikisoma noti 90, yaani maili 90 za baharini kwa saa, mwendo wa kweli wa ndege katika hewa ni mkubwa zaidi, kwa asilimia 2 hivi kwa kila futi 1,000. Ukianza kushuka kutoka futi 5,000, noti 90 za kwenye kipimo ni karibu noti 99 za kweli. Njia ya kushukia ya nyuzi 3 hudai futi kwa dakika zinazokaribia mwendo wako juu ya ardhi ukizidishwa kwa 5. Shida yako iko hapo: ulikosoma, noti 90 zilidai futi 450 kwa dakika, na hapa, upepo ukiwa umetulia, zinadai karibu futi 500. Ukiendelea kushuka kwa 450 kama kadi inavyosema, unabaki juu ya njia, na kadiri unavyokaribia sindano inayoonyesha njia hiyo inazidi kukimbia. Upepo wa mbele wa noti 10 unakurudisha kwenye 450 tena, kwa hiyo usikariri namba moja. Soma mwendo juu ya ardhi kwenye kifaa cha setilaiti, zidisha kwa 5, na ufanye hesabu hiyo kabla hujaanza kushuka.

Kugeuka nako hubadilika. Ili ugeuke nyuzi 3 kwa sekunde, chukua mwendo wa kweli, gawa kwa 10, ongeza 5: kwa noti 99 unalaza ndege nyuzi 15 hivi.

Lililo zito zaidi ni kupaa baada ya kughairi kutua. Injini isiyo na turbo, kile kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, maana yake hapa umeshapoteza zaidi ya asilimia 10 kabla hujaingiza joto katika hesabu. Mchana wa nyuzi joto 28, ndege yako inajiona iko karibu futi 6,200. Pua uliyozoea kuinyanyua usawa wa bahari wakati wa kughairi kutua, ukiinyanyua hivyohivyo hapa, mwendo utapungua badala ya ndege kupanda, na kama uko ndani ya wingu utaligundua hilo kwenye kipimo cha mwendo peke yake. Panda na mkufunzi asubuhi safi, upande wa ziwa, kwa mwinuko salama, mtafute pua halisi ya kupandia kwa ndege hiyo, na uiandike. Fanya vivyo hivyo kwa kushuka, kwa kwenda sawa, na kwa kugeuka. Kadi hiyo mpya ndiyo utakayoifanyia mazoezi hata kwenye kompyuta ya nyumbani.

Kwa utaratibu wa mwaka, maoni yangu ni kuvaa miwani ya mazoezi walau mara moja kwa mwezi, na kila miezi mitatu kukaa na mkufunzi mgeni, asiyekuonea aibu, akuweke kwenye hali mbaya ukiwa umefumba macho kisha akukabidhi usukani. Kabla ya msimu wa vuli na kabla ya masika ongeza safari moja ya usiku pamoja naye, ikiwezekana siku ya giza, ili taa za dagaa uzione ukiwa na mtu mwenye macho mazima kando yako. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, zisomwe asubuhi hiyohiyo, si za jana.

#10 Binti Sengerema

Nimeelewa, na nimeshaanza kuichora kadi upya. Jumamosi asubuhi tuna ndege na mkufunzi kwa ajili ya namba za kupanda na kushuka. Kama TMA itaonyesha radi upande wetu, tutahamisha hadi Jumapili.

#11 Kasa wa Nansio

Mlinda Upeo, hoja ya safari tupu sikuwahi kuifikiria. Nitaiandikia kampuni barua wiki hii, ikiwa na majukumu ya kila rubani na neno la kusitisha zoezi kama ulivyoshauri. Kuhusu otopailoti bado nasema iwashwe mapema, ila nitaweka kwenye barua kwamba safari ya kurudi irushwe kwa mkono mwanzo hadi mwisho. Binti Sengerema, ukishapata namba zako za kupandia kwa ndege isiyo na turbo, ziweke hapa, kuna wenzetu wengi wa Musoma na Geita watazihitaji.